Mtwara ukiwa na elfu tatu: kwa mama lishe, Feri au kwenye chipsi?

Mwaka wangu wa kwanza Mtwara sikuwa na jiko. Nilipanga chumba kimoja Chikongola, nikaweka godoro, feni na ndoo mbili za maji, na kwa miezi kumi na moja kila nilichokula kilipikwa na mtu mwingine. Leo nina jiko la gesi na sufuria zangu, lakini mara nne kwa wiki bado nakula nje, tena kwa kupenda.

Kwa hiyo wageni wanaohamishiwa huku, wanafunzi wa chuo cha Stella Maris (STEMMUCO) na vijana wanaokuja kufanya kazi bandarini huniuliza swali lilelile: wapi nile vizuri kwa bei ndogo bila kuumwa tumbo? Wanataka jina la kibanda. Mimi huwauliza kwanza watakula saa ngapi. Kibanda kinachokupa chakula bora kabisa saa saba mchana ndicho hichohicho kinachoweza kukupa mabaki saa mbili usiku. Kila aina ya sehemu ya kula hapa mjini ina saa yake, na ukiijua saa hiyo umeshamaliza nusu ya kuchagua.

Bei nitakazotaja ni zile ninazolipa mwenyewe. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapoanza na fedha kuingia mikononi mwa watu, mji hujaa na baadhi ya bei hupanda. Kwa hiyo zichukulie kama kipimo cha kuanzia.

Mchana: mama lishe hana mpinzani

Nawazungumzia akina mama wa kuzunguka Soko Kuu, wa jirani na Hospitali ya Ligula, na wale wanaopika karibu na maghala na sehemu za ujenzi. Sahani ya wali maharage na mboga ya majani ni 1,500 hadi 2,000. Wali na samaki, wa kukaanga au wa nazi, ni 2,500 hadi 3,000. Nyama haishuki chini ya 3,000 siku hizi. Ugali bei yake ni hiyohiyo, ila ugali wenyewe ni mkubwa, na kijana anayebeba mizigo ataona tofauti.

Kinachonifanya niwaamini ni namna biashara yenyewe inavyokwenda. Mama huyu anaingia sokoni alfajiri na hela ya jana. Ananunua samaki wa leo, nazi za leo, mchele wa kilo chache. Sufuria zinaepuliwa kama saa tano na nusu, wateja wanaanza saa sita, na ikifika saa nane na nusu unasikia mwiko ukikwangua ukoko. Mtaji wake haumruhusu kupika cha kulaza. Hana friji la kuficha cha jana, na hela ya kesho imo ndani ya sufuria ya leo, kwa hiyo lazima liishe. Migahawa mingi yenye meza za vioo haiwezi kusema hivyo.

Hapo ndipo suala la saa linapokuwa zito, hasa kwa wali. Mchele mbichi una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya mpaka ukatoa moshi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni rahisi kuikumbuka: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, au kibaki cha moto, juu ya nyuzi 60, mpaka kinapoliwa. Kwa joto la Mtwara, sufuria iliyofunikwa kwa kawa tu toka saa sita mchana mpaka magharibi imeshapita mpaka huo zamani. Mama lishe makini huacha sufuria juu ya makaa yenye majivu au huhamishia wali kwenye hotpoti kubwa. Uliangalie hilo kabla ya kukaa.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunikuta. Nilichelewa kazini, nikapita kwenye kibanda saa mbili usiku, nikala wali nyama uliokuwa umebaki. Nyama ilikuwa ya moto, mchuzi unachemka, nikajiona salama. Kabla ya saa sita usiku nilikuwa nimekaa chooni na ndoo mkononi. Tangu siku hiyo wali wa usiku siuli isipokuwa nimeona ukipikwa.

Sasa, ule nini? Ushauri wangu ni kuagiza kilichotoka karibu. Maharage yanasafiri kutoka nyanda za juu, mchele nao kwa sehemu kubwa unatoka nje ya mkoa. Mbaazi, muhogo, nazi, kisamvu na samaki ni vya hapahapa. Mbaazi za nazi zilizoiva mpaka mchuzi umekuwa mzito, ukizimwagia juu ya wali, utaacha kuwaza maharage kwa wiki nzima. Kisamvu kikitwangwa vizuri na kuungwa kwa nazi, au kwa korosho zilizosagwa pale mpishi anapokuwa na korosho za nyumbani, ni mboga ambayo ukiipata mji mwingine utailipia kama kitoweo cha harusi. Ugali wa muhogo haupo kila kibanda. Uulize. Ukiukuta, uchukue na samaki wa mchuzi wa nazi au na dagaa, kwa sababu ule unateleza na unataka mchuzi, na kwa samaki mkavu hautaenda.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Mji huu bado una adabu zake. Usifike ukasema "we mama, nipe wali." Sema "Shikamoo mama," usubiri "Marahaba mwanangu," ndipo uulize, "Leo kuna nini, na kipi kimetoka jikoni sasa hivi?" Nimeuliza hivyo mara nyingi na sijawahi kudanganywa. Mara mbili tatu nimeambiwa, "Mwanangu, samaki hawa waache, kaa kidogo natoa wengine." Mteja anayesalimia huhesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani, na baada ya miezi michache utaingizwa kwenye daftari la madeni. Hilo daftari ni msaada mkubwa tarehe 20 na kitu mshahara ukiwa haujaingia. Lipeni madeni hayo, tafadhali. Deni la sahani tano ni samaki wa kesho ambaye hatanunuliwa.

Udhaifu wao upo na sitauficha. Kivuli ni turubai, na mvua za masika zikianza unakula ukiwa umekunja miguu. Sahani nyingi zinaoshwa kwenye deli moja ambalo maji yake hubadilika rangi kufikia saa nane, kwa hiyo aliyewahi amekula kwenye sahani safi zaidi. Maji ya kunawa ndiyo kipimo changu cha kwanza: ndoo yenye koki na sabuni pembeni, nakaa, bakuli la maji ambalo kila mtu anatumbukiza mikono, napita. Na ukifika saa saba kamili utasubiri, kwa sababu mafundi, wauguzi na madereva wote wamefika saa hiyohiyo. Mimi huenda saa sita na robo.

Jioni: Feri

Ukishuka Feri kuanzia saa kumi jioni, karibu na pale watu wa Msangamkuu wanapovukia kwa kivuko cha MV Mafanikio au kwa mitumbwi, utaona makarai. Akina mama wamekaa na samaki waliokatwa na kupakwa chumvi na ndimu, moto unalia, na harufu inakufuata mpaka barabarani. Kipande cha samaki ni 1,000 mpaka 2,000 kulingana na ukubwa na aina, changu mdogo mzima kama 2,000, mihogo ya kukaanga ya 500 inamtosha mtu mmoja, na kachumbari na pilipili unaongezewa ukiomba kwa heshima. Pweza anauzwa kwa vipande vidogo vya 200 mpaka 500, pamoja na supu yake kwenye kikombe.

Kwa elfu tatu ileile, kwa mama lishe unapata shibe ya mpaka usiku, na Feri unapata kitoweo kingi na wanga kidogo. Fundi ujenzi atatoka Feri na njaa. Mtu wa ofisini aliyekula wali mchana hatahitaji zaidi ya kipande cha samaki, mihogo na ndimu, na atalala vizuri. Mimi kwa ladha naichagua Feri bila kufikiri. Kwa uhakika wa kila siku namchagua mama lishe, kwa sababu Feri inategemea bahari, na bahari ina ratiba yake.

Ratiba hiyo yafaa kuijua. Kusi ikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, mitumbwi midogo na ngalawa hukaa ufukweni siku nyingine. Samaki hupungua, bei hupanda, na ndipo utakapoona vipande vyembamba kama karatasi. Kaskazi ikitulia, meza hujaa. Halafu kuna mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi na mwamba hubaki wazi. Ndipo watu wanapoingia kutafuta pweza kwenye mashimo yake. Pweza wa siku hizo anafika sokoni mchana, anapondwapondwa alainike, anachemshwa, na jioni yupo kwenye sinia. Siku za maji mafu mwamba haufunuki, pweza anakuwa adimu, na unayemkuta huenda si wa leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza aende Feri lini kula pweza, namwambia atazame mwezi.

Pweza mzuri anakatika kwa meno bila kuvutana nawe, na ngozi yake imeshikamana na nyama. Akiwa kama mpira, hakupondwa au hakuchemshwa vya kutosha, na ukimrudisha kwa upole muuzaji atakubadilishia. Supu yake ya vuguvugu iache. Inatakiwa ikutoe jasho.

Samaki aliyekwisha kaangwa ni vigumu kumkagua, kwa kuwa macho na mashavu hayasemi kitu tena. Ndiyo maana mimi huchagua mbichi nimtazame: jicho limejaa na kung'aa, shavu jekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Kisha nasema, "Dada, nikaangie huyu." Nasubiri dakika kumi na kitu. Samaki aliyerudishwa kwenye karai mara ya pili ana rangi nzito ya kahawia, pembe zake ngumu, na nyama iliyokauka mpaka kwenye mfupa. Hana sumu kwa sababu hiyo tu, lakini umelipia ladha ambayo haipo.

Kuna jambo moja la afya ambalo watu hulichukulia kama mzio. Vibua, jodari na nguru ni samaki watamu, lakini wakikaa juani au kwenye joto kwa saa kadhaa baada ya kuvuliwa, nyama yao hutengeneza kemikali inayoitwa histamini. Kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Ukila unahisi ulimi unawasha kama pilipili wakati pilipili hujaigusa, kisha uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha. Ukihisi ule muwasho kwenye tonge la kwanza, tema na umwache samaki huyo. Mwili ukianza kuvimba au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali. Changu na pono hawana tabia hiyo kwa kiwango hicho, na ndiyo sababu nikifika Feri kwa kuchelewa, na samaki wameshakaa, vibua siwagusi.

Wakati wa kwenda Feri kwangu ni kati ya saa kumi na nusu na saa moja usiku. Baada ya hapo mwanga ni mdogo, huoni unachokula, na mafuta ya karai yamefanya kazi ya kutosha.

Usiku: chipsi zina haki yake

Sitazidharau. Viazi mviringo havioti kwenye joto la pwani. Vinashuka kutoka Njombe na nyanda za juu, na nauli yao unailipa wewe. Chipsi kavu 2,000, chipsi mayai 3,000 au zaidi kidogo, mshikaki mmoja 500. Ukipima kwa shibe na kwa lishe, mama lishe anazishinda mbali. Lakini saa tatu usiku, mama lishe ameshalala na Feri imeshafungwa, chipsi zina sifa moja ambayo wali wa mabaki hauna: zinapikwa mbele yako kwenye mafuta yanayochemka, na yai linapasuliwa ukiona.

Tatizo ni lile kabati la kioo. Wauzaji wengi hukaanga chungu ya chipsi mapema jioni, nusu kuiva, kisha huzirudisha kwenye mafuta mteja akifika. Mwambie, "Kaka, nikaangie mpya, nitasubiri." Kachumbari iliyokatwa mchana usiichukue, ndimu na chumvi zinatosha. Na tazama mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi kabla kiazi hakijaingia, nenda kibanda cha pili. Vibanda hivi havikai peke yake, hatua ishirini mbele kuna kingine.

Migahawa ya kukaa, na asubuhi

Migahawa yenye meza, feni na televisheni haina mengi ya kusemwa kwa mwenye elfu tatu. Sahani huanzia 4,000 au 5,000, na mara nyingi wali ni uleule, tofauti ni kiti. Naiendea kwa mambo mawili: pilau ya Ijumaa mchana, ambayo wengi huipika kwa wingi na kuimaliza baada ya swala, na kikao na mgeni ambaye huwezi kumweka kwenye benchi juani.

Asubuhi ndiyo saa ambayo elfu tatu inabaki na chenji. Vitumbua na chai ya tangawizi havifiki 1,000. Mihogo ya kuchemsha na chai, hivyo hivyo. Supu na chapati mbili ni kama 3,000, na ukila saa nne asubuhi hutaitafuta sahani mpaka jioni. Vijana wengi wanafanya hivyo: supu kubwa saa nne, samaki wa Feri saa kumi na moja, basi. Siku nzima unamaliza kwa 5,500 hivi. Wakati wa kiangazi usipite ming'oko bila kuonja, vile viazi pori vyembamba vinavyochimbwa msituni na kuuzwa kwa mafungu vikiwa vimechemshwa na chumvi. Fungu la 500 linakutuliza mpaka mchana, na nje ya Mtwara na Lindi utavitafuta sana.

Kubeba nyumbani

Hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa huchagua chakula wanachokipenda bila kufikiria kama chakula hicho kinaweza kusafiri.

Samaki mkavu wa kukaanga anasafiri vizuri kuliko vyote. Mfunge kwenye karatasi, mafuta yanyonywe, na nyumbani atakuwa bado yupo. Mihogo ya kukaanga pia, kwa nusu saa. Pweza hana shida, hata akipoa. Chipsi haziwezi: ukizifunika kwenye boksi zikiwa za moto, mvuke wake unazilowesha, na ukifika Naliendele unakula uji wa viazi. Toboa boksi matundu mawili au acha kifuniko wazi, na pilipili itiwe pembeni. Wali wa nazi ndio wa kuangalia zaidi. Nazi huchacha upesi kwenye joto, kwa hiyo wali wa nazi uliochukuliwa saa saba mchana ili uliwe saa mbili usiku ni kujitafutia balaa. Ukiwa lazima uchukue wali wa baadaye, chukua uliopikwa kwa mafuta, uuweke kwenye hotpoti ungali unatoa moshi, na uule mapema.

Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, wengi wamehamia kwenye karatasi, maboksi ya foili na mifuko ile ya kitambaa laini. Boksi unalipia, 300 mpaka 500. Mimi huenda na hotpoti yangu ndogo. Mama lishe anapenda hivyo pia, kwa kuwa hapotezi boksi, na mara nyingi kijiko cha ziada cha mbaazi huingia ndani bila kuombwa. Gazeti lenye wino mbichi kwenye samaki wa moto nakataa. Naomba karatasi nyeupe ya ndani, au natoa yangu.

Bodaboda wanaleta chakula, unapiga simu kwa mama, unalipa kwa simu, dereva anakuja. Ndani ya mji ni kama 1,000. Kwa sahani moja ya 2,000 hiyo ni nusu ya bei nyingine juu yake, haina maana. Mkiwa ofisi ya watu watano, kila mmoja anachangia 200, na hapo inapendeza. Agizeni kabla ya saa sita mchana, mama ajue apakue tano kabla ya msukumo wa saa saba.

Au nipike mwenyewe?

Swali hili linakuja mara tu mtu anapopiga hesabu ya mwezi. Nimelijaribu kwa mwezi mzima nikiandika kila shilingi. Kwa mtu mmoja, kupika mchana hakukunipunguzia kitu cha maana: nazi moja, nyanya, kitunguu, mafuta, gesi na samaki mmoja vinafika bei ya sahani ya mama lishe, na nusu ya mboga inaozea chumbani. Chai ya asubuhi nyumbani ilinipunguzia kidogo. Tukiwa wawili, hesabu ilianza kugeuka, na kwa familia ya wanne kupika kunashinda bila ubishi. Kwa hiyo aliye peke yake asijisikie vibaya kula nje. Anayepaswa kufikiria ni baba anayewaletea watoto chipsi kila jioni.

Siku ambazo hesabu hizi zinabadilika

Mwezi wa Ramadhani, mji huu ambao watu wake wengi ni Waislamu hugeuza ratiba yote. Vibanda vingi vya mchana hufungwa au hukaa kimya nyuma ya pazia, na hata kama hufungi, heshimu, usile barabarani. Kuanzia saa tisa alasiri ndipo meza za futari zinapopangwa: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kalimati, sambusa, uji. Vyote vimepikwa mchana huohuo, vinauzwa na kuisha ndani ya saa chache, kwa hiyo kwa mwenye elfu tatu huu ndio mwezi mzuri kuliko yote wa kubeba chakula nyumbani. Nenda saa kumi na moja. Saa kumi na mbili utakuta masinia matupu na foleni ya pikipiki.

Wikiendi, ukiwa na nauli ya daladala, panda mpaka Mikindani, mwendo mfupi kwa barabara ya Lindi. Bei za samaki hazitofautiani sana na Feri, ila unakula ukitazama ghuba na nyumba kongwe za mawe, na haraka ya mjini haipo. Hapo usiende na njaa kali, kwa kuwa wapishi hawana pupa.

Jumapili mama lishe wengi wa jirani na ofisi hupumzika, na mgeni asiyejua huzunguka saa nzima na tumbo tupu. Kuzunguka Ligula wapo wanaopika, kwa sababu wagonjwa na ndugu zao hawana Jumapili. Ukiwakosa, kunywa supu saa nne, kisha subiri makarai ya Feri.